Heshima ya Mtu Asiye na Ndugu: Maneno juu ya Kitabu cha Jane Eyre

Kitabu cha Jane Eyre kilitolewa London mwaka 1847, nacho kilikuwa na jina la Currer Bell mahali pa mwandishi. Waingereza wakabishana kama Currer Bell huyo ni mwanamume au mwanamke. Kumbe alikuwa Charlotte Brontë, binti wa kasisi wa kijiji cha Haworth, aliyekuwa amefundisha katika shule na katika nyumba za matajiri. Kwa hiyo aliposimulia habari za mwalimu wa kike asiye na mali, alisimulia kazi aliyoijua.

Vitabu vya Kiingereza vilivyotiwa katika Kiswahili zamani vilikuwa zaidi vya safari na hazina, kama Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina. Wanaume huenda, hupigana, hurudi na mali. Wanawake ama hawamo, ama kama yule Foulata wa Mashimo, wamo ili wafe. Hiki twakitazama kwa ajili ya maneno mawili ambayo walimu wa Mara, Musoma mpaka Bunda, huyatumia kila siku mbele ya wasichana, nayo ni heshima na uhuru. Twaona kwamba maneno hayo yakipitishwa katika hadithi hii hayatoki kama yalivyoingia.

Habari yenyewe kwa ufupi ni hii. Jane ni yatima aliyelelewa kwa chuki na mke wa mjomba wake, kisha akapelekwa shule ya bweni ya Lowood. Akiisha kukua anakwenda Thornfield kumfundisha mtoto Adèle, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwaka. Bwana wa nyumba, Rochester, anampenda naye ampenda. Siku ya arusi, kanisani, yajulikana kwamba Rochester ana mke aliye hai, Bertha, mwenye wazimu, aliyefungiwa katika orofa ya juu. Jane anakimbia usiku, karibu afe kwa njaa, anaokolewa na watu ambao baadaye yaonekana kuwa ni binamu zake, anarithi mali, na mwisho anarudi kwa Rochester, ambaye sasa ni mjane, kipofu, na mkono mmoja hana.

Hapa neno moja kwa wakuu wa shule za bweni. Mlezi wa Lowood, Bwana Brocklehurst, ni kasisi. Yeye huamuru nywele za wasichana zikatwe kwa ajili ya unyenyekevu, na papo hapo wanaingia mke wake na binti zake wamevaa mahameli, nywele zimesokotwa vizuri. Dada wawili wa mwandishi, Maria na Elizabeth, waliugua katika shule ya namna hiyo wakafa mwaka 1825. Sisi nasi tunakata nywele za wanafunzi, wala hatusemi kwamba ni vibaya. Twasema tu kwamba mwanafunzi hutazama pia nywele za binti wa mwalimu.

Basi tuingie katika mahari. Katika sehemu nyingi za Mara mahari huhesabiwa kwa ng'ombe, na wageni wengi wamepata kusema kwamba msichana wetu hununuliwa. Msomaji wa Majita akisoma kitabu hiki atakuta jambo la kustaajabisha, kwamba katika ndoa ya kwanza aliyenunuliwa ni mwanamume. Rochester alikuwa mtoto wa pili, asiye na urithi. Baba yake alimtafutia mke Jamaika, binti wa tajiri Mason, kwa kuwa binti huyo alikuja na pauni 30,000. Hakuna aliyemweleza kijana tabia ya ukoo ule, wala yeye hakuuliza. Huku kwetu, kabla ng'ombe hawajatoka zizini, wazee huulizia ukoo: kuna uchawi? kuna kifafa? kuna wazimu? Wazee wa Rochester waliuliza habari za fedha peke yake. Atakayesema kwamba ng'ombe humfanya mwanamke kuwa bidhaa, na asome kwanza sura ile.

Lakini kitabu hakituachi tujisifu. Rochester akiisha kumchumbia Jane anampeleka dukani amnunulie hariri na vito. Jane anaona haya na hasira, ajiona kama mwanasesere anayevikwa. Asema ataendelea kumfundisha Adèle na kula mshahara wake wa pauni 30 hata baada ya arusi. Kisha anafanya tendo ambalo wasomaji wengi hulipita upesi: anamwandikia baba yake mdogo aliyeko Madeira, kwa maana angelikuwa na mali yake kidogo, au tumaini lake tu, asingeona uzito wa kulishwa na mume. Barua ile inafika Madeira wakati Richard Mason, kaka yake Bertha, yupo kwa mzee huyo. Mason anapata kujua kwamba shemeji yake ataka kuoa tena, naye mzee, akiwa mgonjwa, anamsihi aende akazuie. Hivyo Jane aliokolewa katika ndoa ya udanganyifu na barua aliyoiandika ili asiwe mzigo wa mume. Wapima vitabu wa Ulaya wamesema sana juu ya ndoto na moto na mwezi katika kitabu hiki. Sisi tungesema juu ya barua, na juu ya ndugu wa pande mbili, baba mdogo wa bibi arusi na kaka wa mke wa kwanza, waliokutana wakavunja arusi mbovu. Mtu wa Kiriba hana haja ya kufafanuliwa hilo.

Sasa tunafika katika kiini. Usiku baada ya arusi kuvunjika Rochester amsihi Jane wakaishi pamoja Ufaransa bila ndoa. Hoja yake ya mwisho ndiyo kali kuliko zote: Jane hana baba, hana mama, hana ndugu wa karibu; nani atakayeaibika kwa kosa lake? Jane ajibu, kwa maana yake, kwamba yeye mwenyewe anajijali, na kadiri alivyo peke yake, ndivyo atakavyozidi kujistahi.

Tumejaribu kulieleza jibu hili kwa Kiswahili, na hapo ndipo tulipoona ugumu wa neno heshima. Kwetu heshima hutoka kwa mtu mwingine: hutolewa, hupokewa, huvunjwa. Tukisema binti amevunja heshima, twauliza mara moja, ya nani? Ya baba, ya ukoo, ya shule. Hata kujiheshimu, kama walimu walitumiavyo, maana yake ni kuenenda vyema ili watu wasiseme. Rochester asema sawasawa kama mtu wa kwetu: pasipo na watu wa kusema, heshima haina mwenyewe. Jane adai kwamba ina mwenyewe, ndiye yeye. Twaona neno utu lakaribia zaidi, kwa kuwa utu wa mtu haupotei akiwa peke yake gizani. Lakini utu nao husemwa zaidi juu ya namna mtu awatendeavyo wengine. Kwa sasa twashauri kujistahi, tukijua kwamba neno hili ni la vitabuni kuliko la barazani.

Neno uhuru nalo lina mtego wake. Asili yake ni hali ya asiye mtumwa. Lakini mwanamke akiitwa huru mbele ya wazee, wengine husikia kwamba hana mwenyewe wa kumwuliza, na hapo sifa imegeuka lawama. Kujitegemea, neno lililoenea tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, ni salama zaidi, nalo lafaa kwa barua ile ya Madeira.

Mapadre na wachungaji watasoma kwa uchungu sura za St John Rivers. Huyu ni kasisi mwema, mzuri wa uso, mwenye bidii, atakaye kwenda Uhindi kuhubiri. Amwomba Jane awe mke wake, naye asema wazi kwamba hampendi. Amechagua mfanyakazi hodari. Jane akubali kwenda, hata kama atafia huko, ila aende kama dada na mtenda kazi mwenzake, si kama mke. St John akataa, na kumwambia kwamba anayemkataa si yeye bali ni Mungu. Twajua kwamba misheni nyingi zimepata kuhitaji wake kwa ajili ya makatekista na walimu, na si kila mara msichana aliulizwa kwa upole. Charlotte Brontë hamdhihaki St John. Amwachia maneno ya mwisho ya kitabu chote, na kumheshimu. Lakini aonyesha kwamba wito wa mtu mmoja hauwezi kugeuzwa kamba ya kumfunga mwingine. Kwa maoni yetu kumkataa St John ni tendo kubwa kuliko kumkataa Rochester, maana dhambi hujulikana kwa uso wake, lakini hapa aliyekataliwa ni mtu mwema aliyekosea.

Urithi wa Jane ni pauni 20,000. Yeye azigawa mafungu manne sawa kwa binamu zake watatu na yeye mwenyewe, 5,000 kila mmoja, kwa kuwa ndugu kwake ni tunu kuliko fedha. Ndipo arudi kwa Rochester akisema kwamba sasa anajitegemea. Twaona kasoro katika jambo hili, nayo kitabu hakiitaji. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1847 fedha ya mwanamke aolewapo ilikuwa ya mume, isipokuwa imewekewa hati maalumu. Sheria mpya zilikuja mwaka 1870 na 1882. Basi kujitegemea kwa Jane kulikuwa hatarini mlangoni pa kanisa. Tanzania, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mke aweza kuwa na mali yake mwenyewe, wala ndoa haiwi batili kwa kuwa mahari haikulipwa. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, iliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aweza kuuza shamba la ukoo alilorithi kama mwanamume awezavyo. Desturi hufuata polepole. Na desturi nyingine zilitangulia: kwa Wakurya, mwanamke mwenye ng'ombe asiye na mtoto wa kiume aweza kumtolea mahari msichana, na watoto wakawa wa nyumba yake, ndiyo nyumba ntobhu. Sheria haiitambui kuwa ndoa. Mwenye ng'ombe hapo amejitegemea. Kama msichana yule amejitegemea ni swali jingine.

Mambo haya yamekwisha kusemwa na mtu wa nchi hii. Julius Nyerere wa Butiama, ambaye mama yake Mgaya alikuwa mke wa tano katika wake 22 wa Mtemi Burito, aliandika mwaka 1944, akiwa mwanafunzi wa Makerere, insha juu ya uhuru wa wanawake, akipima hali ya wanawake wa Kizanaki kwa mawazo ya Mwingereza John Stuart Mill. Ilichapwa baada ya kufa kwake. Mchumba aliyemwoa Musoma mwaka 1953, Maria, alikuwa mwalimu aliyefundisha Nyegina.

Lakini mwenzake Jane aliye karibu nasi kuliko wote yuko ng'ambo ya maji ya Majita, Ukerewe. Ni Rosa, katika Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, kilichotoka mwaka 1971. Rosa naye husoma shule ya wasichana, naye awa mwalimu. Baba yake, Zakaria, mwalimu wa zamani aliyezama katika pombe, ampiga kwa ajili ya barua ya mvulana, na kumlinda hata asijue kusema na mwanamume. Akifika chuoni Morogoro, mbali na fimbo, hana kitu ndani cha kumzuia, kwa sababu heshima yake yote ilikuwa mkononi mwa baba. Baadaye Charles, aliyetaka kumwoa, amwacha kwa kuwa si bikira, na Rosa ajiua.

Tukiviweka vitabu hivi viwili mezani pamoja, cha Brontë chashinda kwa ile sura ya usiku, na cha Kezilahabi chashinda kwa ukweli wa mwisho wake. Jane alitunukiwa: mzee wa Madeira alikufa kwa wakati ufaao, moto ukamwondoa Bertha, na bwana akapunguzwa nguvu mpaka akatoshana na mkewe. Bertha mwenyewe hasemi neno hata moja katika kitabu chote. Ilipasa mwanamke mwingine kutoka visiwa vile, Jean Rhys, amsemee katika kitabu chake cha mwaka 1966. Kezilahabi hakumpa mwalimu wake mjomba tajiri wala moto wa kumsaidia. Kwa muda kitabu chake kilizuiwa kusomwa shuleni, eti chaharibu wasichana, kisha kikaruhusiwa, kikawa kimojawapo cha vitabu vya kidato. Waliokizuia waliogopa sura za Morogoro. Twaona sura ya kuogopwa ni ile ya mwanzo, ya barua na fimbo, ambayo watu wengi huisoma wakidhani kwamba Zakaria, pamoja na ulevi wake, hapo alikuwa baba mwema.