Swali Lisilongoja Jibu

Katika mwaka wa 2002 kilitoka Ufaransa kitabu cha Thierry Meyssan kiitwacho L'Effroyable imposture, yaani Udanganyifu wa Kutisha, kikanunuliwa kwa wingi na kufasiriwa katika lugha nyingi. Neno lake kuu ni kwamba tarehe 11 Septemba 2001 hakuna ndege ya abiria iliyopiga Pentagon, jengo la Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Lililopiga, asema, ni kombora la Wamarekani wenyewe.

Kwa ufundi wa kusema, kitabu si dhaifu. Mwandishi ni hodari wa kuuliza, na kila swali lake humwachia msomaji fahari ya kudhani kuwa amevumbua jambo mwenyewe. Humo ndimo ilimo hila. Twaelekezwa kwenye picha: tundu la ukutani ni dogo, ilhali ndege ya Boeing 757 ina upana wa mita 38 kutoka ncha ya bawa moja hata ya pili. Imepitaje? Swali ni halali kabisa. Lakini tundu lile dogo ni la ghorofa ya juu. Chini yake, penye pigo lenyewe, macho yamezibwa na maji na povu la wazima moto. Wahandisi waliolikagua jengo, wakatoa taarifa yao mwaka 2003, walikuta ukuta wa chini umebomoka kwa upana wa karibu mita 27, na ndani nguzo zimekatika au kupindika kwa kufuata njia ya ndege. Picha, basi, haikusema uwongo, ilisomwa nusu.

Pengo kubwa zaidi ni la watu. Ndege ile iliruka kutoka Dulles saa 2.20 asubuhi ikiwa na watu 64, watano wao wakiwa watekaji. Visanduku viwili vya kurekodia safari vilitolewa katika kifusi cha jengo, na humo humo mabaki ya wasafiri yalipatikana, karibu wote wakatambuliwa kwa vinasaba. Waliouawa, mbali na watekaji, ni 184. Kitabu hakina jibu la waliko abiria hao. Mtunzi wa hadithi angalaumiwa kwa kumpoteza mhusika mmoja njiani. Hapa wamepotea 64, wala masimulizi hayatikisiki.

Tena barabara kuu ipitayo kando ya jengo ilikuwa na magari mengi asubuhi ile, na madereva waliiona ndege ikipita juu yao.