Ukuta Nyuma ya Tashbihi: Kusoma Haemastaticks ya Stephen Hales

Stephen Hales alikuwa kasisi wa Teddington, Uingereza. Kitabu chake Haemastaticks, kilichotoka mwaka 1733, hukumbukwa kwa tarakimu moja: futi 8 na inchi 3, kimo ambacho damu ya farasi jike ilifikia ndani ya mrija wa kioo. Mimi huvutwa zaidi na njia anayomfikishia msomaji tarakimu hiyo, kwa sababu unyumbufu wa ateri umo katika fani ya masimulizi hata kabla mwandishi hajaueleza.

Jaribio la kwanza halina utangulizi. Ni Desemba, farasi amefungwa chali, hai, ateri ya paja imefunguliwa na kutiwa bomba la shaba lililounganishwa na mrija wa futi 9. Uhai wa mnyama unatajwa kwa mwendo uleule unaotaja kipenyo cha bomba. Ubaridi huo huniuma kila ninaporudia ukurasa ule, na bado ndio unaomwezesha Hales kutazama bila kupepesa.

Kisha damu inapanda. Inaruka hadi karibu nusu ya kimo chake mara moja, halafu kila pigo la moyo linaongeza inchi 12, 8, 6, 4, 2, na wakati mwingine 1. Mwandishi mvivu angesema ilipanda kidogo kidogo, basi. Hales anaiacha sentensi yenyewe ipungue pamoja na damu, tarakimu kwa tarakimu. Hata ikifika juu haitulii: inapanda na kushuka inchi 2, 3 au 4 kwa kila pigo. Hapo ndipo ninapokawia. Kati ya pigo na pigo moyo hausukumi kitu, lakini damu inashuka inchi chache tu. Kinachoizuia isiporomoke ni ukuta wa ateri, uliotanuliwa na pigo lililopita na sasa unajirudi, ukiendelea kuibana damu iliyomo.

Anapofika kwenye maelezo, Hales anashika tashbihi: mashine za zimamoto za enzi zake, ambazo maji yake yalisukumwa kwa vipindi yakatoka kwa mfululizo, kwa msaada wa hewa iliyobanwa ndani ya tufe. Tashbihi hiyo inaeleza vizuri mtiririko, lakini inaufuta ukuta. Katika mashine, tufe ni gumu na hewa ndiyo inayonywea. Katika ateri, chombo chenyewe ndicho kinachofanya kazi. Nyuzi za elastini hutanuka kwanza kwa wepesi; zile za kolajeni, zilizojikunja, hunyooka baadaye na kubeba mzigo, hivyo ukuta huzidi kukaza kadiri unavyovutwa. Mwanafiziolojia Charles Smart Roy aliuchunguza ukuta wenyewe mwaka 1881, alipovuta vipande vya ateri kwa uzito na kuona kwamba urefu hauongezeki sawasawa na uzito.

Mwanafiziolojia Otto Frank naye, mwaka 1899, aliigeuza tashbihi ya Hales kuwa milinganyo, na pengo likahamia humo: katika umbo lake la msingi, unyumbufu wa ateri ni kiasi kimoja kisichobadilika. Lakini ukuta halisi hubadilika, na ukikakamaa wimbi hupita kwa kasi zaidi: aota (ateri kuu) ya mzee, ambayo nyuzi zake za elastini zimechakaa na kukatika, huweza kupitisha wimbi la mapigo kwa zaidi ya mita 10 kwa sekunde, takriban maradufu ya kasi ya kijana.