Kelele Mbili Ndani ya Injini Moja ya Subaru

Subaru Impreza WRX STI ikianza kugonga, hukumu inayotolewa gereji nyingi ni moja: imenoki, yaani beringi za konrodi zimekwisha. Kwa injini hii hukumu hiyo ni nzito kuliko kwa nyingi nyingine. Kwenye injini ya kawaida yenye silinda zilizosimama, fundi anaweza kushusha sampu, akafungua kofia za konrodi moja moja na kukagua beringi huku injini ikiwa palepale kwenye gari. EJ20 ya Subaru haimpi nafasi hiyo. Pistoni zake zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, na bloku yenyewe ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa boliti, huku krenki ikiwa katikati yake. Ili kuziona beringi za konrodi, injini sharti itoke, silinda hedi zing'olewe, pini za pistoni zichomolewe kupitia matundu yaliyoachwa kwenye ncha za bloku, ndipo vipande viachanishwe. Ukifika hapo umeshalipia ovaholi, hata kama beringi zimekutwa nzima.

Ndiyo maana kazi iliyofanywa na fundi mmoja wa Arusha inastahili kuelezwa hatua kwa hatua. Aliletewa STI ya soko la Japani, injini yake EJ207: sentimita za ujazo 1,994, turbo, kamshafti nne, mkanda wa taiming. Mwenye gari alikuwa na majibu mawili yanayopingana. Fundi wa kwanza aliisikiliza asubuhi akasema tapeti zinalia, haina neno, endesha. Wa pili aliisikiliza jioni, gari likitoka safari, akasema, "Bosi, hii imenoki, tuishushe." Kila mmoja alikuwa na hakika. Wa tatu, badala ya kuchagua upande, aliuliza: inalia lini?

Swali hilo lina uzito kuliko sikio lolote. Pistoni iliyolegea ndani ya silinda hupiga kelele injini ikiwa ya baridi, kisha hutulia chuma kikipata moto na kutanuka. Beringi ya konrodi iliyokwisha hufanya kinyume: oili ikiwa nzito asubuhi huficha pengo, ikipata moto na kuwa nyepesi pengo hugonga waziwazi, hasa ukipandisha mizunguko kiasi kisha ukaachia mafuta. Mlipuko wa mapema ndani ya silinda, unaoletwa na petroli ya oktani ndogo au turbo kusukuma hewa kupita kiasi, husikika gari likivuta mzigo, na huwezi kuusikia likiwa limesimama bila gia. Gari hili lililia asubuhi, likanyamaza, kisha likalia tena baada ya safari. Hakuna ugonjwa mmoja kati ya hayo unaofuata ratiba ya namna hiyo. Fundi akaanza kushuku kwamba ana kelele mbili mkononi, na kwamba wenzake wawili kila mmoja alisikia moja tu.

Kabla ya lolote alichomoa kijiti cha oili. Injini za EJ zenye turbo zina tabia ya kula oili, na ikipungua, kona ndefu ya kasi huisukuma oili pembeni mwa sampu, pampu ikavuta hewa. Bomba la kunyonyea oili nalo linajulikana kwa kupasuka kwenye kiungo chake, na matokeo ni yaleyale: beringi kukaukiwa. Kiwango kilikuwa sawa. Akafunga geji ya mkono mahali pa swichi ya presha ya oili na kupima injini ikiwa na moto wa kutosha. Kanuni ya mafundi wengi ni angalau psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, na gari hili lilikuwa juu ya hapo kwa nafasi nzuri. Kisha akafungua filta ya zamani kwa kuikata duara, akaitoa karatasi yake, akaikamua kwenye jiliwa na kuitandaza juani.

Hapa nashauri kila mwenye Subaru aangalie kwa macho yake. Vumbi la beringi iliyoanza kuliwa hukaa kwenye mikunjo ya karatasi kama pambo la kucha, linameremeta ukiigeuza karatasi kwenye mwanga. Pitisha sumaku: chembe za chuma zitaruka kuifuata, lakini madini laini ya beringi hayatajali. Chembechembe za namna hiyo zikionekana, mjadala umekwisha. Kwenye karatasi hii kulikuwa na masizi meusi na vipande vidogo vya gundi ya gasketi. Bado si uthibitisho kwamba konrodi ni nzima, lakini ilitosha kuendelea kuiwasha injini bila hofu ya kuiua.

Gari likalala gereji. Ilikuwa lazima, kwa sababu injini ya baridi ni ile iliyolala, na hakuna njia ya mkato. Asubuhi fundi aliweka simu ikirekodi karibu na grili, akawasha. Sauti ikatoka: tik, tik, tik, kavu na ya haraka. Akaifungua rekodi kwenye programu inayochora mawimbi ya sauti na kupima nafasi kati ya pigo na pigo.

Hesabu yake ni nyepesi. Injini ya baridi ilikuwa inazunguka mara 1,200 kwa dakika, yaani mara 20 kwa sekunde. Krenki basi inamaliza mzunguko kila milisekunde 50. Kamshafti inazunguka nusu ya kasi hiyo, na kila silinda inawaka mara moja katika mizunguko miwili ya krenki, kwa hiyo tukio la silinda moja hurudi kila milisekunde 100. Mapigo kwenye rekodi yalipishana kwa milisekunde 100. Konrodi iliyolegea huweza kugonga katika kila mzunguko, hivyo kelele ya asubuhi ilielekea upande wa juu wa injini: vali, au moshi wa silinda moja unaotoka mahali pasipostahili.

Ili kujua silinda gani, alichomoa plagi ya umeme ya koili moja kwa sekunde chache, akairudisha, akaenda nyingine. Sekunde chache tu, maana petroli isiyowaka huingia kwenye ekzosti na kuunguza katalisti. Alipoikata ya silinda ya tatu, ile ya nyuma upande wa kulia, tik ikakatika papo hapo. Tapeti yenye pengo ingeendelea kulia, kwa kuwa kamshafti bado inaisukuma. Akazima, akapeleka hewa ndani ya ekzosti kwa bomba la nyuma, akapaka maji ya sabuni kwenye gasketi ya manifoldi. Mapovu yakajaa chini ya tundu la silinda ya tatu, na pembeni yake mstari mweusi wa masizi. Chuma kikipata moto, mwanya huo hujifunga, ndiyo maana kelele ilikuwa ikipotea. Si jambo la kuachwa, kwani moshi unaovuja kabla ya kufika kwenye turbo ni nguvu inayopotea, na hewa inayopenya hapo inaweza kukidanganya kihisi cha oksijeni.

Matoleo haya ya Japani yenye turbo ya njia mbili hutumia manifoldi yenye mabomba ya urefu sawa, kwa hiyo hayana ule mngurumo ambao watu wengi huutambulia Subaru kutoka mbali. Utulivu huo unaziacha kelele ndogo wazi, na wamiliki wengi huogopa vitu ambavyo kwenye Impreza nyingine vingefunikwa na muziki wa ekzosti.

Ikabaki kelele ya moto. Gari likaendeshwa hadi oili ikapata joto, likarudishwa, na fundi akapandisha mizunguko hadi 2,500 na kuachia. Ko-ko-ko, nzito, mbele. Mtu yeyote angesema konrodi. Akarudia jaribio la koili, silinda zote nne. Kelele haikubadilika hata kidogo. Huu ndio ushahidi uliookoa injini: konrodi hugonga kwa sababu mlipuko unaisukuma, ukiuondoa mlipuko, kugonga hupungua au hubadilika sauti. Kitu kisichojali silinda ipi inawaka hakipo kwenye konrodi.

Akaondoa mikanda ya nje, ile ya jenereta na ya kompresa ya AC, akawasha kwa muda mfupi. Bado. Akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kava la mkanda wa taiming na mpini kwenye mfupa wa sikio. Mlio ulikuwa palepale chini ya ncha. Kava lilipofunguliwa, tenshena ya haidroliki ilikuwa imelowa oili kuzunguka mtaimbo wake. Ikiwa ya baridi bado ilikaza; ikipata moto, oili yake nyepesi ilikubali kusukumwa kila mvuto wa mkanda ulipogeuka wakati wa kuachia mafuta. Japani mkanda huu hubadilishwa kwenye kilomita 100,000. Mkanda wa gari hili ulikuwa mpya. Tenshena ilikuwa ya kiwandani.

Fundi wa kwanza alisema endesha. Kwenye EJ207, mkanda ukiruka meno, vali hukutana na pistoni.

Tenshena, rola zote na pampu ya maji vilibadilishwa pamoja, kwani kazi ya kuvifikia ni ileile, na gasketi za manifoldi zikawekwa pande zote mbili. Asubuhi iliyofuata injini iliwaka ikiwa na mlio hafifu wa pistoni ulioisha mapema kabla ya kupata moto. Huo fundi aliuacha kama ulivyo, akaandika kwenye kadi ya gari: filta ikatwe tena kwenye sevisi ijayo.