Sifa za Mpima Kaboni ya Shamba

Kupima kaboni ya shamba ni kutafuta tofauti kati ya inayoingia na inayotoka. Mimea huvuta hewa ukaa na kuigeuza majani, shina na mizizi, na samadi huongezea. Njia za kutokea ni nyingi: pumzi ya mizizi na vijidudu, moto wa mabua, mmomonyoko, na mavuno yenyewe, ambayo husahaulika kirahisi. Maharagwe na mihogo inayoshuka kutoka milima ya Kabare hadi soko la Nyawera mjini, ikaliwa katika nyumba za mtaa wa Muhumba, ni kaboni iliyoondoka shambani. Maganda hubaki mjini. Ni nadra kurudi kilimani.

Ufundi wenyewe uko kwenye udongo. Mpimaji hugongea pete ya chuma ardhini kwa nyundo, kibao kikiwa katikati ili ishuke wima, kisha huichimbua na kukata udongo uliozidi kwa kisu, sawasawa na ukingo. Akiushindilia kwa kiganja, kipimo kimeharibika, anaanza upya. Udongo hukaushwa kwa nyuzijoto 105 mpaka uzito wake usibadilike. Sampuli nyingine husagwa na kupimwa kaboni kwa kuchomwa mashineni, au kwa njia ya Walkley na Black ya 1934, ambayo ingali hai katika maabara nyingi. Udongo wenye kaboni asilimia 2.5 na uzito wa gramu 1.1 kwa sentimita moja ya ujazo hubeba tani 55 kwa hekta katika sentimita 20 za juu. Kosa la asilimia 10 kwenye uzito ni tani 5.5, ilhali mabadiliko halisi ya mwaka mara nyingi hayafiki tani moja. Ndiyo maana uangalifu wa kisu kile unastahili sifa kubwa.

Hewa nayo hupimwa: mnara wa Yangambi, wenye urefu wa mita 55, umekuwa ukipima hewa ukaa inayoingia na kutoka msituni tangu 2020. Kwenye viraka vya Kabare usingefaa, kwani mtelemkoni upepo huchanganya hewa ya shamba na ya jirani. Hapo hutumika kisanduku kinachofunikwa juu ya udongo, hewa yake ikivutwa kwa bomba la sindano kila baada ya dakika chache.

Miaka ikipita, mpimaji hurudi palepale, mwezi uleule. Kwa kuwa jembe hulegeza udongo, hulinganisha kaboni katika uzito uleule wa udongo, si katika kina kilekile tu.