Kinjeketile na Ndoo ya Maji

Wengi wetu tunafaulu mtihani wa tamthilia bila kusogeza hata kiti jukwaani. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka likizo iliyopita nilipoombwa kuwaelekeza wanachuo fulani wa Tunduma waigize Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969). Ukumbi hauna pazia, na nje malori ya kwenda Zambia hayaishi honi.

Tukafika pale Kinjeketile anapozama mtoni Rufiji na kuibuka. Vijana wakaleta ndoo: tummwagie mwigizaji maji, aonekane katoka mtoni. Nikakataa. Jamani, masimulizi ya Maji Maji yanadai alitoka nguo zikiwa kavu! Mwigizaji akilowa, huyo ni mtu aliyeoga tu, na wanaomwamini wanageuka wajinga.

Basi akajificha nyuma ya vitenge viwili vilivyoshikwa na wenzake, akatoka mkavu. Kazi kubwa ikawa kuwafundisha wanakijiji kumtazama; hilo lilitumaliza siku tatu, maana muujiza wote umo machoni mwao. Sisi wahakiki humng'ang'ania Kinjeketile na shaka yake, kundi tunalisahau. Nimewahi kuandika kurasa sita juu ya imani katika tamthilia hii, na wanakijiji hao sikuwataja.