Babu Aliyetoka Ng'ambo

Anayefika kwa mzee mmoja wa mtaa wa Kasenga, Uvira, kutafuta habari za babu yake hupewa kiti, hupewa maji ya kunywa, kisha huulizwa maswali ambayo hakuyatazamia. Haulizwi kwanza jina. Huulizwa babu aliposhuka mtumbwini alilala kwa nani, chumvi yake aliiweka wapi, nani alimkopesha na nani alimdai, na mke wa kwanza kumpikia alitoka nyumba ipi. Jina huja baadaye. Kwa maoni ya mzee, jina ndilo ushahidi mwepesi kuliko wote.

Kwa miaka mingi alikuwa katibu wa kanisa hapa Uvira. Mwandiko wake ni ule wa shule za misheni, herufi zote zimeinamia upande mmoja, na bado anaandika tarehe kwa wino mwekundu. Hakuna anayemlipa. Akiletewa samaki wa mikeke hupokea. Akipewa pesa huuliza ni za nini. Kazi yake haimo katika orodha yoyote ya kazi, na vijana wa mtaa humwita tu yule wa madaftari. Mimi naihesabu miongoni mwa ufundi mkubwa wa ufuko huu, na sioni nani ataurithi.

Siku niliyokaa kumtazama, aliyekuja ni mama mmoja muuza vikwembe. Kwao husimuliwa kwamba baba wa babu yao alikuwa mfanyabiashara tajiri na Mprotestanti wa kwanza wa ukoo. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akamwomba arudie sehemu ile ya biashara na dini. Sikuelewa mara moja kilichomsumbua. Baadaye nilielewa: kwa mtu anayeijua historia ya upande huu wa ziwa Tanganyika, mambo hayo mawili hayakai pamoja kirahisi.

Biashara ilifika Uvira mapema, na haikuletwa na Waprotestanti. Wasafiri Burton na Speke walipopiga makasia mpaka hapa mwezi wa nne mwaka 1858, walikuta ndicho kituo cha mwisho cha kaskazini ambacho wafanyabiashara wa Kiarabu na Wangwana wa Ujiji walikubaliwa kufika. Pembe, watumwa, chumvi ya Uvinza, shanga: mengi yalipita mikononi mwa Waislamu. Zama za Wabelgiji maduka yakawa ya Wagiriki na Wahindi waliokuwa na jamaa zao Usumbura. Waprotestanti wenyewe walichelewa. Wapentekoste wa Sweden walifika Uvira mwaka 1921, na waumini wao wa mwanzo walikuwa wakulima, walimu, wauguzi, wainjilisti wa kutembea kwa miguu milimani. Kabla yao, Waprotestanti wa ziwa hili walikuwa watu wa London Missionary Society, ambao nahodha wao Edward Hore alifika Ujiji mwaka 1878. Lakini vituo vyao na meli yao Good News vilibaki zaidi upande wa kusini. Basi huyu tajiri Mprotestanti wa Uvira alitoka wapi?

Mtu mwingine angemwambia mama yule kwamba wazee wake wamemdanganya. Wapo wasomi wa aina hiyo, wenye diploma, ambao wakikuta simulizi halifanani na karatasi hulicheka simulizi. Mzee hakucheka. Aliuliza: "Mama, kwenu wanasema babu alikuja mwaka gani?"

Mama akajibu kama wajibuvyo wengi hapa: mwaka ziwa lilipopanda.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ufundi ulipo. Katika Uvira kila mtu ana mwaka wake wa ziwa kupanda. Kijana ukimwuliza atakutajia miaka hii ya karibuni, 2021 au 2024, maji yalipoingia sebuleni na nyumba za Kalundu zikahamwa. Mzee wa miaka themanini atakutajia mwanzo wa miaka ya sitini, uhuru bado mpya na vita vya Mulele vinakuja. Lakini kuna kupanda kwingine ambako hakuna aliye hai anayekukumbuka. Mdomo wa mto Lukuga, ambako ziwa humwagia maji yake kuelekea mto Kongo, ulikuwa umezibwa na mchanga na matete kwa muda mrefu. Maji yakajaa mwaka hata mwaka. Cameron alipita pale mwaka 1874, Stanley akapita 1876, na wote wawili wakaacha ubishi kama mto unatoka au hautoki. Mwaka 1878 ziwa likavunja kizuizi. Hore alipofika mdomoni mwaka uliofuata alikuta maji yanakimbia kwa nguvu kuelekea magharibi. Katika miaka kumi na mitano hivi iliyofuata, Tanganyika ilishuka kwa takriban mita 10.

Basi mzee hakuridhika na neno la kupanda. Aliuliza: babu alipofika, maji yalikuwa yanakuja au yanaondoka? Mama hakujua. Akauliza tena: hakuna hadithi ya mtumbwi? Hapo mama akacheka. Ipo. Kwao husimuliwa, na husimuliwa kwa kejeli, kwamba yule babu alikuwa mvivu sana: alifunga mtumbwi wake kwenye mti ufukoni, akakaa kula na kunywa, na alipokumbuka kwenda kuutazama aliukuta nchi kavu, mbali na maji, nyasi zimeota ndani. Watoto wa ukoo wakichelewa kuamka huambiwa wameurithi uvivu wa mtumbwi.

Mzee akaweka kalamu chini. Yule babu, alisema, hakuwa mvivu. Ziwa ndilo lililomwacha. Na ziwa halikuwaacha watu namna hiyo, kwa kasi hiyo, ila baada ya 1878.

Niliona uso wa yule mama. Vizazi vinne vimemcheka mtu aliyeshuhudia kwa macho yake kufunguka kwa Lukuga, na hakuna aliyejua kwamba utani wa nyumbani ulikuwa na tarehe ndani yake.

Sasa tatizo likawa kubwa zaidi. Mtu mzima mwenye mtumbwi wa biashara mwaka 1878 hakuweza kuwa Mprotestanti wa Uvira. Mahubiri yenyewe yalikuwa bado kufika kwa miaka zaidi ya arobaini. Mzee akaingia ndani, akatoka na daftari refu lililofungwa kwa kitambaa. Ni nakala aliyoiandika kwa mkono wake alipokuwa katibu, akinakili madaftari ya zamani ya parokia yake ya Kipentekoste.

Madaftari ya Wapentekoste yana tabia yake. Padri wa Kikatoliki humbatiza mtoto mchanga, kwa hiyo kitabu chake hukueleza mtu alizaliwa lini, kwa baba gani na mama gani, mdhamini nani. Wapentekoste humbatiza mtu mzima, kwa kumzamisha. Daftari lao halikuambii mtu alizaliwa lini. Linakuambia siku aliyoamua. Anayetafuta umri ndani yake hutoka mikono mitupu. Anayetafuta tabia ya mtu hupata mengi, hasa akijua kusoma safu ya mwisho, ile ambayo wengi huiruka kwa aibu: safu ya waliotengwa. Pombe, tumbaku, mke wa pili, deni lililokataliwa kulipwa. Mkulima mtulivu anaweza kupita maisha yake yote kanisani na kuacha mstari mmoja tu. Mtu wa safari na biashara huacha mistari mitano, kwa kuwa majaribu yake yalikuwa mengi na mashahidi wake walikuwa kila bandari.

Na hapo ndipo mzee alipompata, katika miaka ya 1930. Mtu aliyebatizwa akiwa tayari na mvi, ameandikwa mwana wa fulani wa Ujiji. Ametengwa kwa ajili ya mke aliyekuwa naye ng'ambo. Amerudishwa. Ametengwa tena. Amerudishwa, na safari hii mkono ulioandika umekandamiza wino kwa nguvu, kana kwamba mwandishi alikwisha choka naye.

Hawakuwa mtu mmoja, walikuwa wawili. Baba alikuja na chumvi na mtumbwi, maji yakamwacha, akaoa hapa. Mwana akabatizwa. Ukoo ukawasaga pamoja mpaka wakawa babu mmoja mwenye mali ya yule wa kwanza na dini ya yule wa pili. Simulizi halikusema uongo. Lilikuwa limefupisha njia.

Nimesoma habari za kutafuta ukoo kwingineko, na mara nyingi naona karatasi ikipewa kiti cha mbele bila kuulizwa. Mfano ulio karibu nasi ni wa mfanyabiashara Mprotestanti anayejulikana kuliko wote katika nchi hizi za maziwa: Charles Stokes, mzaliwa wa Dublin, aliyefika Zanzibar mwaka 1878 kuongoza misafara ya Church Missionary Society, akaachana na misheni baada ya kumwoa Limi wa ukoo wa kichifu wa Unyamwezi, akawa mfanyabiashara wa pembe na bunduki. Januari 1895 kapteni Lothaire wa Dola Huru ya Kongo alimnyonga huko Lindi bila haki ya rufaa. Karatasi za kifo chake zilijaza makabati ya London, Berlin na Brussels. Fidia zikalipwa, mashauri yakasikilizwa Boma na Brussels, Lothaire akaachiliwa. Katika wingi huo wa wino, mwanamke Nanjala, aliyebaki na mimba ya Stokes, ana nafasi ndogo sana. Mwana aliyezaliwa, Charles Kasaja Stokes, alikulia Uganda, na wazao wake wapo huko hadi leo. Damu imepita kwa mwanamke ambaye serikali tatu hazikuona haja ya kumuuliza lolote. Mzee wa Kasenga angeanza na yeye.

Wakatoliki wa ziwa hili wana bahati nyingine. Kapteni Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, alimwoa Agnes Atakaye na kuacha ukoo ambao mapadri waliuandika vizuri. Mwanawe padri Albert aliuawa Fizi tarehe 28 Novemba 1964, na tarehe 18 Agosti 2024 alitangazwa mwenye heri hapa hapa Uvira pamoja na Waksaveri watatu. Vitabu vyao vina nakala Ulaya. Kwa upande wetu Waprotestanti, kilichofika Ulaya ni barua za wamisionari zilizochapwa Stockholm katika jarida lao, Evangelii Härold, na picha ambazo Mwafrika aliyesimama pembeni mara nyingi hana jina.

Majina nayo yana kisa chake. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya ubatizo, na watu waliokuwa Yakobo na Daudi katika daftari la kanisa wakaingia katika vitabu vya serikali kwa majina ya mababu, mengine yaliyochaguliwa jioni moja mbele ya karani mwenye haraka. Ndugu wa tumbo moja wakawa na majina yasiyojuana. Ndiyo maana mzee huliacha jina mpaka mwisho.

Mama wa vikwembe alifurahi, kisha akakaa kimya. Mzee alikuwa anamwandikia matokeo kwenye karatasi, naye akasogea karibu. "Papa," alisema kwa sauti ya chini, "hapo pa Ujiji, huwezi kupaacha?"

Asiyekaa Uvira anaweza kudhani ni aibu ya kawaida. Sisi tunajua. Sheria ya uraia ya mwaka 1981 iliwataka watu waonyeshe kwamba wazee wao walikuwa katika nchi hii tarehe 1 Agosti 1885. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 2004, tarehe ikawa ile ya uhuru, lakini ile ya 1885 ilibaki vichwani. Tangu hapo babu si mtu tena, ni hoja. Katika mikutano, redioni, kwenye simu, kila upande unatoa babu yake na kukana babu wa mwenzake, na damu imemwagika kwa ajili ya wafu ambao wakati wao walivuka mto Ruzizi na ziwa wakifuata chumvi na soko bila kuuliza mpaka uko wapi. Mfanyabiashara ndiye anayeteseka zaidi katika hesabu hii, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutoka mahali na kwenda mahali. Nyumba nyingi za mji huu zilizojengwa na biashara zina babu wa ng'ambo, na katika nyumba nyingi hatajwi.

Mzee hakupaacha. Aliandika Ujiji kwa herufi zilezile zilizoinama, akapiga mstari, akampa mama karatasi yake.

Wanaokuja kwake siku hizi ni wengi kuliko zamani, na hilo halinifurahishi. Hawaji kuuliza, wanakuja kuchukua. Hawana nafasi ya kusikiliza habari za mtumbwi. Wanataka tarehe iliyo kabla ya 1885, muhuri, basi. Mwingine hupiga picha kwa simu ukurasa wenye jina la babu yake na kuondoka kabla mzee hajamwonyesha ukurasa unaofuata, ambako babu yuleyule ameandikwa shahidi katika harusi ya watu ambao leo mjukuu anasema hawakuwahi kuishi hapa.

Na madaftari yenyewe yanapungua. Ya kwanza yalipotea katika vita vya mwaka 1964, mengine katika vile vya mwaka 1996, na usiku ule wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulipotoka njiani mwake na kuchukua watu na nyumba, ulichukua pia masanduku ambayo hakuna aliyefikiri kuyanyanyua. Nakala za mzee zimebaki kwa sababu aliziandika mwenyewe, jioni baada ya kazi, bila kuagizwa na mtu. Nilimwuliza kama yupo kijana anayejifunza kwake. Alinijibu kwamba wapo wawili waliojaribu. Mmoja alitaka kulipwa kwa kila babu anayepatikana, na wa pili alikuwa hodari, ila alianza kuwaruka wale wa ng'ambo.