Nyundo ya Mti: Namna ya Kuitambua Iliyokerezwa Vizuri

Mchonga nakshi anaweza kuwa na patasi na bobari za chuma bora kabisa, lakini nguvu yote inayofika kwenye ubao hupitia kwanza kwenye nyundo ya mti. Nasikitika kuona mafundi wanaojaribu makali ya patasi kwenye ukucha wakichagua nyundo kwa kutazama mng'ao tu. Mng'ao ndio wa mwisho kutazamwa.

Nyundo ninayoisema hapa ni ile ya mviringo, iliyokerezwa kwenye mashine, mara nyingi kichwa na mpini vikiwa mti mmoja. Kwa fundi wa milango ya Lamu au Unguja, uzuri wake ni kwamba haina upande wa kupigia wala wa kutopigia. Ikizunguka mkononi hakuna linaloharibika, na jicho linabaki kwenye ncha ya patasi linapotakiwa kuwa.

Tuanze na mti wenyewe. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Kichwa cha mpingo chenye kipenyo cha sentimita 8 na urefu wa sentimita 10 hukaribia gramu 600; cha mvule kwa vipimo hivyo hivyo hakifiki 350. Tofauti hiyo mkono unaijua kabla ya adhuhuri, kwa sababu nyundo nzito hushuka kwa uzito wake, na nyepesi inabidi uisukume. Kwa maua na majani madogo, gramu 400 hadi 600 zinatosha. Kwa kuchimba msaji au mbambakofi kwa kina, tafuta inayokaribia kilo. Mvule ni mti wa heshima kwenye samani, lakini kwa nyundo siupendekezi: kitako cha patasi kitauchimba shimo upesi. Mimi, nikiulizwa, hupenda zaidi kiini cha mkwaju. Hakifiki uzito wa mpingo, ila nyuzi zake zimesokotana, hakipasuki kirahisi, na hakitikisi kifundo cha mkono kama mpingo unavyofanya.

Kuna udanganyifu wa kujihadhari nao. Mti mweupe hupakwa rangi ya viatu ukauzwa kama mpingo. Chukua kitambaa cheupe, kitie mafuta kidogo, usugue chini ya kichwa karibu na shingo. Kitambaa kikitoka cheusi tii, rudisha. Mpingo wa kweli, ukiutazama juani, weusi wake una michirizi ya zambarau au kahawia, na sehemu ya nje ya shina ni nyeupe yenye umanjano. Sehemu hiyo nyeupe isiwepo kwenye kichwa, maana ni laini kuliko kiini na italika upande mmoja.

Sasa geuza nyundo utazame kichwa kwa juu, pale penye pete za mti. Hapa usiwe na haraka. Tafuta moyo, kile kitone cha katikati ya shina ambako pete zote zinaanzia. Ukikiona kwenye kichwa, ujue nyundo imekerezwa kutoka tawi zima au gogo jembamba, na nyufa zitakuja, kwa sababu mti unapokauka husinyaa zaidi kuzunguka pete kuliko kuelekea moyo, na mvutano huo humalizikia kwa kupasuka. Fundi mwangalifu hupasua gogo, akaacha moyo nje, akalikausha miezi mingi kabla ya kulitia kwenye mashine. Pete kwenye nyundo yake huonekana kama matao yanayopita kutoka ukingo hadi ukingo. Kagua pia kama kuna mistari iliyozibwa kwa gundi na unga wa mbao: rangi yake ni butu, na ukucha ukipita juu yake unahisi mabadiliko.

Kisha fuata nyuzi kutoka kichwani hadi mwisho wa mpini. Ziende moja kwa moja. Zikitoroka ubavuni katikati ya mpini, hapo ndipo utakapokatikia.

Kazi ya mkerezaji yenyewe isomwe begani, pale kichwa kinaposhuka kuelekea shingo. Nyuzi hapo zimekatwa kwa kukingamwa, na ndipo chombo butu kinapojifichua: utaona vinyweleo vilivyong'olewa, au mikwaruzo ya msasa inayozunguka, ishara kwamba alikwangua badala ya kukata. Chombo chenye makali huacha bega linalong'aa hata kabla ya msasa. Shingo nayo iingie kichwani kwa mkunjo laini. Kona kali mahali hapo ni mwaliko wa ufa, hata kama inapendeza machoni.

Ubavu wa kichwa usiwe wima. Juu kuwe kunene kuliko chini kwa sentimita moja hivi, kwa sababu mkono husafiri kwa tao, na mteremko huo ndio unaoufanya ubavu ukutane sawasawa na kitako cha patasi. Nyundo nyingi za sokoni ni silinda tupu, nami huziacha mezani.

Mpini uwe na tumbo dogo katikati na uvimbe kidogo mwishoni ili usichomoke mkono ukitoka jasho. Vanishi usiikubali, huteleza na kutoa malengelenge kiganjani. Mafuta ya kitani na nta ya nyuki yanatosha kwenye mpini, na ubavu wa kichwa ubaki bila kung'arishwa ili patasi isiteleze.

Uliza pia mti ulitoka wapi. Mpingo hukua polepole mno, na tangu 2017 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES. Muuzaji asiyejua chanzo cha mti wake hastahili fedha yako.

Mwisho, shika mpini kwa vidole viwili, nyundo ining'inie, ugonge kichwa kwa kifundo cha kidole. Mlio uwe mkavu na wazi. Ukisikia mkwaruzo au mlio uliozimika, kuna ufa ndani. Kisha omba patasi na kipande cha ubao pale pale, upige mapigo kadhaa. Muuzaji akikukatalia, rudisha nyundo uondoke.